Maziwa ya Moshi na Pumzi za Nemayian

Kama umewahi kupita Kabuku asubuhi, ukitokea Segera kwenda Chalinze, na gari lenu likasimama bila abiria yeyote kusema "shusha", ujue dereva ameviona vibuyu vya Nemayian. Anauza maziwa ya mgando kando ya lami, mbele ya kibanda changu, na maziwa yake yana harufu ya moshi ambayo ukiionja mara moja, maziwa mengine yote utayaona ni maji ya chokaa. Wapo wanaosema ni kibanda changu ndicho kilichomletea wateja. Mimi ni mtu mpole, sijawakatalia.

Mimi ni Semboja. Wapwa wangu wananijua, na asiyenijua atanijua sasa. Zamani nilikuwa mpima sukari kwenye duka la ushirika. Ushirika ukafa, biashara ikawa ruksa kwa kila mwenye meza, nami nikatandika yangu. Nimeuza mitumba, nimeuza betri za tochi, na minara ya simu ilipoanza kuota vilimani, kila kampuni na wake, nikafungua kibanda cha kuchaji simu kwa jua. Ndimi fundi simu wa kwanza Kabuku, ukiwaondoa wale wawili walionitangulia. Shule nilisoma mpaka yenyewe ikanichoka.

Nemayian ni mke wa Parsaoti. Boma lao liko ndani kule mbugani, mwendo wa kutoka jasho. Mtoto wake wa kwanza ni Kiseyian, basi sisi tunamwita Mama Kiseyian. Mimi Mzigua, yeye Mmasai. Babu zetu walinyang'anyana ng'ombe, sisi tunanyang'anyana maneno.

"Takwenya, Mama Kiseyian! Umebakiza hata ng'ombe mmoja, au umewakamua mpaka wakaisha?"

"Iko, Mzigua! Leo umeoga, au umelowa umande?"

Hivyo ndivyo siku ilivyokuwa ikianza, kwa salamu ya Kimasai na itikio lake. Ukitaka kumjua Nemayian, lazima kwanza uujue ule moshi. Kibuyu cha Wamasai hakioshwi kwa sabuni. Mama anachukua kijiti cha mti mgumu anaoujua mwenyewe, anakichoma mpaka kiwe kaa, anakitia ndani ya kibuyu na kusugua kuta zake. Moshi unajaa. Anafunika, anatikisa, anafunua, kisha anafuta majivu kwa brashi ya mkia wa ng'ombe. Ni kazi ya wanawake, na inafanyika ndani, kando ya moto, kwenye nyumba yenye mlango wa kuinamia na dirisha la kutosha panya mmoja, tena asiwe amekula.

Na Nemayian ana pumu.

Alikuwa nayo tangu usichana, ila aliificha kama watu wanavyoficha njaa. Kifua kikimbana anakaa, anameza kidonge, anasingizia vumbi. Mpaka asubuhi moja ya kiangazi alipofika kwangu mabega yakiwa juu, kifua kinapiga filimbi, akaketi juu ya kreti langu la soda. Nikamtania, hakujibu. Nikamtania tena, akanitazama tu, jasho linamtoka. Hapo ndipo nilipojua kwamba ni ugonjwa, maana Nemayian mzima hawezi kuniacha niseme la mwisho.

Bahati yake, Sadala, mteja wake wa siku zote, alikuwa amesimamisha lori lake la katani ili anywe maziwa. Tukampakia mbele, pembeni ya dereva, tukaenda Korogwe hospitali. Sadala aliendesha, lakini aliyekuwa akipiga kelele "ongeza mwendo" ni mimi, kwa hiyo sifa tugawane.

Hospitali wakamvisha kikombe cha mvuke usoni, na kile kifua kikaachia taratibu. Nesi aliyemhudumia aliitwa Serafina, mkazi wa Masuguru pale pale mjini, mwanamke mwembamba mwenye macho yasiyodanganyika. Alipoona mgonjwa anaweza kusema, akamwuliza, "Mama, una simu?"

"Ninayo. Huyu Mzigua ndiye anayeichaji, na kila siku anasema chaji imekula jua jingi."

Serafina akamweleza kwamba wanajaribu mpango mpya wa kuwasaidia wenye pumu kwa simu. Akampa pampu mbili za kuvuta mdomoni: ya bluu ni ya kifua kikibana, ya kahawia ni ya kila siku, asubuhi na jioni, kibane kisibane. Akampa na kipimo cha pumzi, kibomba cha plastiki chenye namba ubavuni na kishale kinachosogea ukipuliza. Kila asubuhi asimame wima, apulize kwa nguvu zote, atume namba ile kwa simu. Simu itamjibu rangi yake: kijani, uko salama, njano, jihadhari, na hiki hapa cha kufanya, nyekundu, vuta ya bluu na uje hospitali mbio.

Tukarudi na tumaini. Lakini kesho yake Parsaoti alitokea barabarani na fimbo yake, mrefu kama nguzo ya simu, akasema jambo moja tu. "Ukianguka tena hapa, maziwa ya barabarani atauza Nanyori."

Nanyori ni mke mdogo. Na hapo, mpwa wangu, usiharakishe kumlaumu Parsaoti. Yeye aliogopa kuletewa maiti. Lakini kwa Wamasai ng'ombe ni wa mwanamume, maziwa ni ya mwanamke. Ile barabara Nemayian aliianzisha mwenyewe, kwa kibuyu kimoja, wakati madereva walikuwa wakimcheka. Kumwondoa pale ni kumwondoa kwenye jina lake. Nemayian alifunga shuka lake vizuri, akasema nami kwa sauti ya chini, "Semboja, sitaanguka."

Basi kazi ikaanza. Namba anazijua kuliko karani wa benki, ila herufi hazijui. Kwa hiyo anapuliza bomani kabla ya kukamua, anatuma namba, na jibu anakuja nalo kwangu nilisome. Kwa maneno mengine, daktari wake nilikuwa mimi.

"Inasema njano," nikamsomea. "'Je, jana ulivuta pampu ya kahawia asubuhi na jioni? Usisahau kusukutua mdomo.'"

"Ya kahawia ni mvivu. Navuta, hakuna kinachotokea. Ya bluu navuta, kifua kinafunguka pale pale. Kwa nini nimlishe mvivu?"

"Bomani kwenu kuna mbwa?"

"Yupo."

"Usiku mzima fisi asipokuja, asubuhi unamfukuza mbwa kwa sababu hakufanya kazi?"

Akacheka. Tangu siku ile pampu ya kahawia aliiita Mbwa, na aliivuta asubuhi na jioni. Ule mfano nesi Serafina anautumia mpaka leo kwa wagonjwa wake, wala hasemi ni wangu.

Kifua kikaanza kutulia, nami nikaanza kuvimba kichwa. Halafu namba zikapata wazimu. Leo simu inasema kijani, hongera sana, na Nemayian mwenyewe amesimama mbele yangu anahema kama amepanda mlima wa Mpale na mzigo wa kabichi. Kesho inasema nyekundu, kimbia hospitali, na yeye anagombana na kondakta kwa sauti ya kusikika Segera.

Serafina akanipigia. "Mzee Semboja, huyo mama ana mapafu mangapi?"

"Nilivyomhesabu mimi, ya kawaida."

"Juzi amepuliza kama fahali, jana kama kifaranga. Nakuja."

Alikuja kwa basi, tukapanda bodaboda, mimi nyuma yake, mpaka bomani. Tulichokikuta, ningekuwa mtu wa kudanganya ningekipunguza ili uamini. Vijana wamepanga mstari nje ya zizi, shuka zimefungwa viunoni. Mbele yao Kasaine, mdogo wake Parsaoti, morani mwenye kifua kama ngoma, ameshika kipimo cha pumzi cha Nemayian, mashavu yamejaa upepo. Akapuliza. Kishale kikaruka. Wenzake wakapiga mayowe.

"Mnafanya nini?" nesi akauliza.

"Tunashindana," Kasaine akasema kwa fahari. "Wa mwisho atachunga mbuzi."

Kuchunga mbuzi ni kazi ya watoto. Kwa morani, bora umpige kofi. Ndiyo maana walipuliza kama wanaotaka kuhamisha mawingu. Na kila aliyepuliza alitaka simu imwambie rangi yake, basi namba ilitumwa. Babu yao naye alipuliza, akaambiwa akimbizwe hospitali. Akacheka mpaka ugoro ukamwagika. Na mimi, kwa kuwa nilikuwepo, nikapuliza kidogo. Namba yangu siitaji, kwa sababu ya unyenyekevu.

Nemayian alitoka ndani, aibu imemjaa. "Sista, ningefanyaje? Mgeni akiomba ugoro, utamnyima? Shemeji akiomba kitu kilichomo nyumbani mwako, utakificha? Wanaomba, nawapa."

Serafina hakufoka. Alikipangusa kile kipimo kwa pamba, akasema, "Kasaine, una kifua kizuri sana."

"Asante."

"Asubuhi uliyopuliza wewe, simu ilidhani ni shemeji yako. Ikamwambia yuko salama. Naye alikuwa ndani humo, pumzi hazimtoshi. Simu haina macho. Namba yoyote ikitoka kwenye simu ya mama huyu, inadhani ni yake."

Wale vijana wakatazama chini. Kasaine akaanza kufungua na kufunga shuka lake bila sababu.

Lakini Parsaoti, aliyekuwa ameegemea fimbo yake, alisikia tofauti. "Kwa hiyo kitu chenyewe kinadanganya," akasema. "Yatosha. Nanyori aanze kwenda barabarani."

"Mzee, nipe muda," Serafina akamwambia. "Mpaka mwezi mwingine uandame. Nikipata namba za kweli, nitajua kinachombana mkeo. Nikishindwa, amua wewe."

Parsaoti akatazama mbinguni ulipo mwezi, ingawa ilikuwa mchana. "Mwezi mwingine," akasema.

Mimi nilimshauri Nemayian akifungie kipimo kwenye sanduku. Akasema sanduku linaombwa ufunguo. Nikamshauri aseme kimeharibika. Akasema yeye si Mzigua. Siku chache baadaye alinionyesha alichokifanya.

Pale bomani kila mtu ana kibuyu chake. Cha mume ni cha mume, cha mtoto ni cha mtoto, cha babu ni cha babu, na kila kimoja kina shanga zake. Mtu hatii mdomo kwenye kibuyu cha mwenzake, hata awe na kiu ya kufa. Basi Nemayian alikishonea kile kipimo ala ya ngozi, akakizungushia shanga nyeupe na bluu kwa mpango ule ule ulioko kwenye kibuyu chake mwenyewe, akakiwekea na kifuniko, akakitundika pamoja na vibuyu vingine. Hakumkataza mtu. Hakugomba na mtu. Na hata Kasaine, ambaye angeweza kuomba apulize pua ya kifaru, alipita pale akitazama pembeni.

"Nani amekufundisha hivi?" nikamwuliza.

"Wewe ulikuwa unanifundisha kusema uongo. Nilikuwa sina nafasi ya mwalimu mwingine."

Sasa namba zikawa zake. Serafina kule Korogwe alizitazama kwenye kompyuta yao, na mwezi ukiwa umeshapita nusu akapiga simu kibandani. Nikaweka spika.

"Mama Kiseyian, hali yako ni nzuri sasa, unavuta dawa vizuri. Lakini kuna asubuhi pumzi zinashuka ghafla, kama kuna mtu anazivuta kwa kamba. Halafu zinapanda tena. Siku ya kabla yake huwa unafanya nini?"

Nemayian alitazama vibuyu vyake vilivyopangwa kando ya lami. Lori likapita. "Naosha vibuyu," akasema.

"Kwa moshi?"

"Kwa moshi."

Nikaona nafasi ya kuonyesha elimu yangu. "Si jambo gumu! Sabuni ipo dukani kwangu, na brashi ya..."

Alinitazama kama nimemwambia achemshe mkwewe. "Maziwa bila moshi nimwuzie nani? Wewe? Wewe hata haya hulipi."

"Sikwambii uache maziwa," Serafina akasema. "Wala usiuache moshi wa vibuyu. Wewe ndiye ukae mbali nao. Vioshwe nje, penye upepo, na vioshwe kwa mkono wa mtu mwingine."

"Mkono wa nani?"

Nesi hakujua. Mimi nilijua, na Nemayian alijua. Kiseyian ni mtoto wa kiume. Mama mkwe haoni vizuri. Mkono uliobaki ni wa Nanyori. Na kumfundisha Nanyori kijiti kipi, kaa likolee kiasi gani, kitikiswe vipi, ni kumpa ile barabara kwa mikono miwili. Vibuyu vikishanukia sawa, dereva gani atauliza aliyeviosha?

Alibeba lile jambo siku kadhaa. Alikuja, akauza, akaondoka, na utani wake ukawa mwepesi mno, kama chai ya msibani. Simu ikasema njano. Ikasema njano tena. Siku ya tatu yake alipomaliza kuuza akaniambia, "Funga kibanda, twende nyumbani. Nataka shahidi anayejua kupiga domo."

Bomani alimwita Nanyori nje ya uzio, upande upepo unakokwenda, akamwekea vibuyu, moto na vijiti. Yeye mwenyewe akaenda kusimama mbali, upande upepo unakotoka, karibu na mimi.

"Choma hicho chembamba!" akapaza sauti. "Sio hicho! Sasa tia! Sugua chini kwanza! Funika! Tikisa, Nanyori, hulei mtoto!"

Nanyori alifanya yote, macho yanamtoka machozi kwa moshi, kisha akaweka kibuyu chini na kushika kiuno. "Mama Kiseyian, kwa sauti hiyo unadai unaumwa?"

"Fanya kazi. Si utachukua barabara?"

"Barabara? Nani aliniuliza? Wewe na mume wetu mmenigawia barabara bila kuniuliza. Mimi magari yananitisha, na kuna Mzigua mmoja pale wanasema anaongea mpaka maziwa yanaganda yenyewe. Siitaki!"

Nilitaka kujitetea, hakuna aliyenisikiliza. Nemayian akaanza kucheka, na Nanyori akacheka, na kile kicheko kilikuwa kirefu, nami nikakisikiliza kwa sikio la kitabibu: hakuna filimbi ndani yake. Wakakubaliana pale pale. Nanyori ataosha vibuyu vyote, vyake na vya mwenzake. Nemayian atayachukua maziwa ya wote wawili na kuyauza Kabuku.

Ilibaki kuonjwa. Asubuhi iliyofuata, mwezi mpya ukiwa umeandama, Sadala akasimamisha lori, akateremka, akapokea kikombe. Kwa mbali nikamwona Parsaoti anakuja kwa njia ya mbuga, fimbo begani, kuja kusikia hukumu. Nemayian naye alimwona. Mikono yake ilishika mfuniko wa kibuyu kwa nguvu.

Sadala akanywa. Akalamba sharubu. Akakunja uso. "Nani ameosha hiki?"

Nikashika simu ya mteja, nikajifanya naitengeneza.

"Kwa nini?" Nemayian akauliza.

"Si mkono wako. Wako moshi unatangulia mbele, huu umekuja nyuma, baada ya kumeza." Akanywa tena, kikombe kikaisha. "Sio mbaya. Nijazie chupa. Ila kwa kuwa mkono ni mwingine, nipunguzie bei."

Laiti angejua kunyamaza! Nemayian aliachilia mdomo. Alimwuliza kama katani anayobeba anaiuza nusu bei siku anayoendeshewa lori na utingo. Akamkumbusha mvua aliyotoka nayo na maziwa shingoni, vumbi alilokula, ng'ombe waliompiga teke. Akaeleza ukoo wa kila ng'ombe. Akamrudia Sadala, sharubu zake, lori lake, breki zake, na mama yake aliyemlea bila kumfundisha kulipa. Hakukohoa. Hakukaa. Hakushika kifua. Abiria wa basi lililosimama walitoa vichwa madirishani.

Parsaoti alikuwa ameshafika. Alisimama nyuma yangu, kichwa ameinamisha upande mmoja, anasikiliza kama anavyosikiliza ndama. Nikajua anatafuta pale pumzi zinapokatika. Alisubiri sana. Hazikukatika.

"Semboja," akasema.

"Naam, mzee."

"Hiyo simu yenu. Inaweza kumpunguzia pumzi kidogo?"

Kisha akampazia sauti mkewe, kwa ufupi kama kawaida yake. "Yule mweusi aliyezaa juzi, utamkamua wewe. Maziwa yake yaje huku."

Nemayian alinyamaza kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Na yule wa madoa?"

"Huyo nimempa Nanyori."

"Basi na maziwa yake nitayaleta mimi," akasema, na hapo hapo akageuka, kwa kuwa Sadala alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi ya lori na chupa imejaa kwapani. "Wewe! Sadala! Rudi hapa!"

Akarudi.